Kipimo cha moyo cha mazoezi

SWALI: Daktari, nina miaka 52. Nikipanda ngazi kifua hubana. Nimeandikiwa kipimo cha moyo cha mazoezi. Nitafanyiwa nini, na ni salama?

JIBU: Utabandikwa nyaya kifuani, kisha utatembea juu ya mashine ya mazoezi huku umeme wa moyo na presha vikipimwa. Katika utaratibu wa Bruce, unaotumika sana, kasi na mwinuko huongezeka kila dakika 3. Lengo la kawaida la mapigo ya moyo ni asilimia 85 ya 220 ukitoa umri. Kwako ni mapigo kama 143 kwa dakika. Kutembea kwenyewe mara nyingi hakuzidi dakika 15.

Vaa raba na nguo nyepesi. Usile chakula kizito kwa muda wa saa 3 kabla, na siku hiyo acha chai, kahawa na sigara. Dawa usizikatishe mwenyewe, uliza kwanza.

Madhara makubwa ni nadra, na wahudumu watakuwa kando yako. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, sema papo hapo, usijikaze. Na kifua kikibana ukiwa umepumzika, usisubiri siku ya kipimo: nenda hospitali mara moja.