Somo: Kijito kikifurika, maji yametoka kwa nani?



Huku Kasongo na Kabambare, mvua ikianza kunyesha mwezi wa Septemba, magomvi ya maji nayo huamka. Familia zilizohama kwa sababu ya vita, wakiwemo waliotoka upande wa Salamabila, mara nyingine hupewa viwanja ambavyo wengine hawakuvitaka, bondeni karibu na kijito. Kijito kikijaa na kuingia nyumbani, wenyeji husema, "Wageni wamemaliza miti ya kilima." Wageni nao hujibu, "Mlitupa mahali pa kufia." Somo hili linaonyesha namna pande zote mbili zinavyoweza kupima maji pamoja kabla ya kulaumiana.

Tunapima nini?

Tunatafuta kilele, yaani wingi wa maji yanayopita kwa sekunde moja wakati kijito kimejaa kuliko wakati wote. Njia iliyo rahisi ilielezwa na mhandisi Thomas Mulvaney wa Ireland mwaka 1851, na mpaka leo wahandisi wanaitumia kwa mabonde madogo:

Kilele = hekta × milimita za mvua kwa saa × sehemu inayotiririka ÷ 360

Kwa nini 360? Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10 za maji. Saa moja ina sekunde 3.600. Gawanya 3.600 kwa 10, utapata 360. Jibu linakuja kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1.000, sawa na madumu 50 ya lita 20.

Hatua nne

1. Eneo. Tembeeni juu ya mgongo wa vilima, pale maji yanapogawanyika. Ardhi yote inayomwaga maji kwenye kijito chenu ndiyo bonde lenu. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Kwa mfano wetu, tuseme bonde lina hekta 60.

2. Muda. Kilele hufika pale maji ya mbali kabisa yanapokutana na yale ya karibu. Kama maji hutumia dakika 10 kushuka mtelemko na dakika 20 kufuata kijito, muda ni dakika 30. Basi tunaangalia mvua ya dakika 30, si ya siku nzima.

3. Mvua. Wekeni kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Pimeni kwa rula. Tuseme katika dakika 30 zilianguka milimita 30. Hiyo ni milimita 60 kwa saa.

4. Sehemu inayotiririka. Udongo wa msitu hunywa maji mengi. Bati halinywi chochote. Kwa makadirio, tunaweza kuchukua 0,3 kwa msitu, 0,6 kwa mashamba ya mtelemko na 0,8 kwa makao yenye mabati na ardhi iliyokanyagwa.

Hesabu ya mfano

Zamani bonde lote lilikuwa msitu: 60 × 60 × 0,3 ÷ 360 = mita za ujazo 3 kwa sekunde.

Leo:
- Msitu, hekta 20: 1,0
- Mashamba ya wenyeji, hekta 30: 3,0
- Makao ya waliohama, hekta 10: 1,3
Jumla: 5,3

Sasa pimeni mfereji wa kijito. Upana ni mita 4 na kina cha wastani, maji yakifika ukingoni, ni nusu mita: hizo ni mita za mraba 2. Siku ya maji mengi, mkiwa mmesimama mahali salama pa juu, tazameni kijiti kinachoelea. Kikienda mita 10 kwa sekunde 5, mwendo wa juu ni mita 2 kwa sekunde. Chini maji huenda polepole zaidi, kwa hiyo zidisheni kwa 0,85. Mfereji unabeba 2 × 1,7 = 3,4. Zamani ulitosha. Leo karibu mita 2 za ujazo kila sekunde zinatafuta njia kwenye nyumba za watu.

Angalieni vizuri. Kilele kimeongezeka kwa 2,3. Kati ya hizo, mashamba yameongeza 1,5 na makao 0,8. Wageni wana sehemu yao, nayo ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Wenyeji nao wana yao. Hakuna upande unaoweza kumaliza shida peke yake.

Mipaka ya njia hii

Itumieni kwa vijito vya bonde dogo, la hekta mia moja hivi au chini. Msiitumie kwa Luama wala Lualaba. Mito mikubwa hukusanya maji ya siku na majuma mengi. Tena, mvua mliyopima msimu mmoja si ile kubwa kabisa. Waulizeni wazee maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote, na mlinganishe. Huko Kalehe, Kivu Kusini, mwezi wa Mei 2023, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika Bushushu na Nyamukubi. Penye shaka, hameni mapema.

Baada ya kupima

Chifu, kamati ya waliohama, wanawake na vijana wakae na karatasi moja. Wenye mashamba walime kwa kukingama mtelemko na kuacha ukanda wa majani. Wenye makao wachimbe mashimo ya kupokea maji ya paa, mbali na kuta na vyoo. Wote pamoja wasafishe mfereji, na nyumba zilizo chini ya alama ya maji zipewe kiwanja kingine kabla ya mvua kubwa.

Maswali ya kujadili
- Bonde la kijito chetu linaanzia wapi, na nani analima huko juu?
- Ni familia gani zinalala chini ya alama ya mafuriko?
- Nani atapima mvua, na matokeo yatasomwa mbele ya nani?