Mkono Ukiganda, Ubembeleze

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nasema na nyie mliomaliza matibabu ya saratani ya titi. Dripu zimekwisha, mionzi ya hospitali ya Ocean Road imekwisha, umerudi zako Ngamiani au Pangani, na majirani wameshapita kukupa pole na hongera. Kila mtu anaona umepona. Wewe peke yako ndiye unayejua kwamba kuanika kanga kwenye kamba huwezi, mkono unagota usawa wa bega. Dera unavalishwa na binti yako. Ukikalia mbuzi ukakuna nazi moja tu, unahema kama uliyetoka Muheza kwa miguu.

Si uvivu huo, wala hujarogwa. Upasuaji wa titi huacha kovu, na mionzi hukaza ngozi na misuli ya kifua. Tezi za kwapani zikiondolewa, majimaji ya mwili hukosa njia na mkono huweza kuvimba. Dawa za dripu nazo huacha uchovu usioondoka kwa kulala, na wengine huachiwa ganzi ya nyayo. Kwa vile mkono unauma, unaukumbatia kifuani. Na kadiri unavyoukumbatia ndivyo unavyozidi kuganda.

Ndiyo maana leo nawaletea yoga. Najua mmeshaanza kucheka: "Dada naye! Yoga si ya watalii wa Ushongo?" Zile picha za kwenye simu, mtu kasimama kwa kichwa, ziacheni huko huko. Ninayosema mimi ni kujinyoosha polepole huku ukipumua kwa mpango.

Na imepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitoa matokeo ya watu 410 waliomaliza tiba ya saratani lakini usingizi ukawa wa shida. Waliofundishwa yoga ya taratibu mara 2 kwa wiki, kwa wiki 4, walilala vizuri kuliko wale ambao hawakufundishwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, huko huko Marekani, wakaeleza ya wanawake 200 waliotibiwa saratani ya titi: waliofanya yoga kwa wiki 12, miezi 3 baadaye uchovu wao ulikuwa umepungua kuliko wa wale ambao hawakufanya. Sikieni vizuri: tunazungumzia usingizi na uchovu. Anayekwambia yoga inaua saratani, mkimbie. Vidonge ulivyoandikiwa endelea navyo, na kliniki usikose.

Wapo watakaosema hiyo ni ibada ya Kihindi. Kweli imetoka India na ina mizizi ya dini huko. Lakini hata Saudi Arabia, Novemba 2017, iliitambua kama mazoezi ya michezo. Wewe unachotafuta ni viungo na pumzi. Nyimbo na maneno ya dini hiyo waachie wenyewe. Moyo ukisita, muulize shehe au mchungaji wako.

Basi tandika mkeka karibu na ukuta, asubuhi jua halijawa kali. Anza ukiwa kwenye kiti. Vuta pumzi kwa pua mpaka tumbo lijae, kisha itoe kwa utulivu zaidi kuliko ulivyoivuta. Rudia mara tano, halafu zungusha mabega kwa nyuma.

Sasa simama uelekee ukuta. Vidole vya mkono mbovu vipande juu, kidogo kidogo. Ngozi ikianza kuvutika, tulia hapo hapo, pumua mara tatu, shuka. Ikichoma, umepitiliza. Chora alama ya mkaa ulipofikia. Leo usishindane na jana. Kisha lala chali, magoti juu, mkono mzima uushike ule mwingine, uende nao taratibu kuelekea kichwani. Malizia kwa kulala kimya, mto chini ya mkono. Dakika kumi zinatosha kuanzia.

Makatazo nayo yashikeni. Kidonda ambacho hakijafunga, subiri. Usiegemeze uzito wote kwenye mkono uliopasuliwa. Kama saratani iligusa mifupa, usijipinde wala kujisokota bila idhini ya daktari. Mwenye ganzi ya miguu asiachie ukuta. Na mkono ukivimba ghafla, ukawa wa moto, ngozi ikabadilika rangi, au homa ikakupanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Yule bibi wa kuchua na mafuta yake ya nazi asiuguse.

Kabla hujaanza yote haya, pita kwanza hospitali ya Bombo au ile uliyotibiwa, uulize mambo matatu. Mkono wangu unaruhusiwa kuinuka mpaka wapi? Mifupa yangu iko salama? Na hapa, nani anafundisha mazoezi ya viungo? Nenda na mtu wa kukusaidia kukumbuka, au uandike majibu kwenye daftari. Na daktari akiwa na haraka zake, mdogo wangu, kaa kitini. Usinyanyuke mpaka akujibu la tatu.