Redio ya Mtaa na Mdomo wa Mfanyakazi



Somo letu la leo ni juu ya jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria: kusikiliza mazungumzo ya redio za kwetu na kupiga simu kutoa maoni. Nitaanzia kwa jirani zetu wa Kenya, kisha nirudi nyumbani.

Mwaka 1982, huko Homa Bay kando ya Ziwa Viktoria, ilifunguliwa redio ndogo kwa msaada wa UNESCO. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, haikusikika mbali, na ilizungumza Kijaluo. Uzuri wake ulikuwa hapo. Mvuvi na mkulima waliyasikia mambo ya kwao kwa lugha ya kwao. Mwaka 1984 Serikali ikaifunga. Kilicholetwa na wakubwa kiliondolewa na wakubwa, na wenyeji hawakuwa na chombo cha kuitetea. Miaka 20 baadaye, mwaka 2004, vikundi vya wanawake vya Mang'elete, Ukambani, vilianzisha redio yao wenyewe. Hapo mwenye redio anajulikana: ni kikundi.

Sasa tuje nyumbani. Katika shamba moja ambalo sitalitaja, mwenzetu wa kupuliza dawa alipiga simu kwenye kipindi cha mazungumzo. Akasema wanapuliza bila glavu wala barakoa, na ngozi zinababuka. Ilikuwa kweli tupu. Akataja jina lake, la shamba, hata la mnyapara wake. Jioni tulimpongeza sana, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Siku ya tatu akaitwa ofisini akapewa barua ya kuachishwa kazi. Eti ametoa siri za mwajiri.

Mimi, kiongozi wa tawi, sikuwa na karatasi hata moja ya kumtetea. Malalamiko ya glavu tulikuwa tukiyasema kwa mdomo tu, chini ya mwembe. Hapakuwa na barua wala muhtasari wa kikao. Tukapoteza siku nyingi kumbembeleza meneja. Tulipokwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zile siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi zilikuwa zimepita. Aliyechelewa anaweza kuomba asikilizwe, lakini lazima aonyeshe sababu ya maana. Sababu yetu ilikuwa uzembe, na uzembe huo ulikuwa wangu.

Je, tuache kupiga simu? Hata kidogo. Ila simu iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Kwanza tawi likae, liandike barua kwa mwajiri, nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Waliougua waende zahanati na kutunza kadi zao. Mwajiri akikaa kimya, hapo ndipo kamati imchague msemaji, naye aseme, "Tawi letu liliandika barua tarehe fulani, halijajibiwa." Huyo hasemi kwa niaba yake peke yake. Aseme aliyoyaona, asimtukane mtu, kwani tusi moja humpa mwajiri njia ya kuliacha suala la glavu. Tena amwombe mtangazaji amwite mwajiri kipindi kijacho aje kujibu.

Na tusisikilize kila mtu chumbani kwake. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa kwa vikundi wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Redio ilikuwa imekwisha kuzimwa, kazi ndiyo inaanza.

Kwa hiyo kila tawi lichague jioni moja ya kipindi na mtu wa kushika kalamu. Daftari la shilingi chache linatosha.

Mwenzetu yule sasa anauza mkaa karibu na lango la shamba. Glavu zililetwa mwezi uliofuata.