Vya wenyeji Malindi: Kula, ila chunga moto na maji

Januari 1499 mabaharia wa Vasco da Gama walitia nanga Malindi wakirejea kutoka India. Wengi waliugua kiseyeye, maradhi yaletwayo na ukosefu wa vitamini C, na nahodha akatuma mtu pwani kuwatafutia wagonjwa machungwa. Tangu zamani, basi, msafiri amekitegemea chakula cha mji huu.

Leo, mgeni akiharisha baada ya siku mbili, husema, "Ni hiyo nazi!" Mara nyingi nazi husingiziwa bure. Kinachodhuru ni maji machafu, mikono isiyonawiwa na chakula kilichokaa muda mrefu baada ya kutoka motoni.

Chukua mfano wa mahamri na mbaazi. Mahamri yanayoepuliwa kwenye mafuta mbele yako hayana hatari kubwa. Mbaazi je? Tui huchacha upesi katika joto la pwani. Kula mbaazi zinazotokota. Zilizopoa tangu alfajiri ziache, kwa maana sumu ya baadhi ya viini haiondoki hata ukizichemsha tena.

Samaki naye ana kanuni yake. Jodari au nguru akikaa juani bila barafu, viini hutengeneza ndani yake kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondolewi na moto wala ndimu. Mlaji huiva uso, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, pengine kabla ya saa moja kupita. Ukihisi ladha ya kuwasha kama pilipili pasipo na pilipili, acha kula.

Sasa vinywaji. Barafu haiui viini. Ikiwa maji hayakuchemshwa, maji ya ukwaju yenye barafu hiyo si salama. Dafu linalopasuliwa mbele yako ni salama zaidi, mradi unywe kutoka dafuni na si katika gilasi iliyosuuzwa ndooni. Mgonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi.

Na mnazi? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapo ndipo ilipo hatari ya kwanza: mnazi haupikwi, na maji uliyoongezewa hujui yametoka kisima gani. Pili, huendelea kuchacha, hivyo mtamu wa asubuhi huwa mkali jioni. Usiunywe ukiwa unaendesha gari, una mimba au unatumia dawa.

Safari ikikupeleka hadi Adu, bara ya Magarini, ongeza uangalifu. Huko ni kukame, na hospitali kubwa ya Malindi iko mbali. Beba maji ya kunywa na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Mwenyeji akikukaribisha, usimvunje moyo kwa kukataa chakula. Nawa kwa sabuni, kula sima na mboga zikiwa moto, na maji ya kunywa omba yaliyochemshwa. Ukiomba kwa adabu, hakuna atakayeudhika.

Ukiharisha ufanye nini? Usikimbilie kununua viuavijasumu dukani. Rudisha maji mwilini kwanza. Kama huna pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge vizuri. Usizidishe chumvi. Kunywa kidogo kidogo kila uendapo haja. Ukitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole.

Nenda hospitali mara moja ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au mkojo umekuwa haba na mweusi. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kikitoka kwa wingi, huenda ni kipindupindu, ambacho chaweza kuua kwa muda wa saa chache. Endelea kunywa mchanganyiko huo njiani. Mtoto mchanga na mzee wasicheleweshwe hata kidogo.

Kwa hiyo, msomaji, usiende Malindi ukala biskuti za pakiti wiki nzima. Kaa penye jiko linalowaka na wateja wengi, ambako chungu hakipati nafasi ya kupoa.