Askari mgonjwa na siku 120 za rufaa

Wengi wetu tukitajiwa matibabu ya wanajeshi huwaza hospitali, vitanda na dawa. Leo tutazame kile kinachotangulia vitu hivyo vyote, nacho ni karatasi inayoamua nani atatibiwa kwa gharama ya serikali, na nafasi anayopewa aliyekataliwa ili apinge uamuzi huo. Mfano wetu ni Marekani. Mfumo wa nchi hiyo wa kuwatunza wanajeshi wa zamani umefanyiwa mageuzi mengi, na matokeo yake yanajulikana. Isitoshe, kuna Wakenya wenye kadi ya kijani ambao wamejiunga na jeshi hilo, na huenda msomaji ana ndugu au shemeji miongoni mwao.

Tuanze na mgonjwa mmoja ambaye habari zake ziko wazi katika kumbukumbu za mahakama. David Henderson alitumikia jeshi wakati wa vita vya Korea, kuanzia 1950 hadi 1952, akaachishwa baada ya madaktari kugundua kwamba ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini kwamba anaandamwa. Mwaka wa 1992 alikadiriwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 kutokana na ugonjwa huo. Mnamo 2001 aliomba aongezewe msaada ili apate mtu wa kumhudumia nyumbani. Ombi lilikataliwa, na Bodi ya Rufaa nayo ikalikataa Agosti 2004.

Sheria ilimpa siku 120 za kwenda mahakamani. Henderson alipeleka karatasi zake akiwa amechelewa kwa siku 15. Alieleza kwamba ni ugonjwa wenyewe uliomchelewesha. Mahakama ilimjibu kwamba siku zikishapita zimepita, wala haikuwa na mamlaka ya kusikiliza sababu zake. Yaani mtu anaugua akili, serikali yenyewe imekubali kwamba anaugua akili, kisha anafungiwa mlango kwa kushindwa kuhesabu siku kama mtu mzima wa akili!

Henderson alifariki 2010 kesi ikiwa bado katika Mahakama ya Juu, na mkewe akaiendeleza. Tarehe 1 Machi 2011 mahakama hiyo iliamua kwamba muda ule si ukuta usiopitika. Haikusema kila aliyechelewa asamehewe. Ilisema tu kwamba Bunge halikuwa limekusudia kuwafungia mlango kabisa watu wa namna hii. Kwa waliobaki hai, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mageuzi yanapoletwa, macho ya watu huenda kwenye fedha. Wanauliza malipo yamepunguzwa kiasi gani na hospitali gani itafungwa. Kifungu kinachohusu rufaa huwa nyuma kabisa ya mswada, kimeandikwa kwa lugha kavu, na wachache hukisoma.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa 1933. Uchumi ulikuwa umeporomoka, na mwezi Machi Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria ya kubana matumizi. Malipo ya wanajeshi wa zamani yalikatwa. Sheria hiyo hiyo ilisema kwamba uamuzi wa msimamizi wa malipo hayo ni wa mwisho na hakuna mahakama itakayoupitia. Wanajeshi wa zamani walipiga kelele, na Machi 1934 Bunge likarudisha sehemu ya malipo licha ya pingamizi la Rais. Fedha zilirudi baada ya mwaka mmoja, lakini kile kifungu cha mahakama kilidumu zaidi ya miaka 50.

Katika miaka hiyo yote aliyenyimwa aliweza kufika katika Bodi ya Rufaa iliyoundwa Julai 1933, nayo ilikuwa sehemu ya idara ile ile iliyomnyima. Kupata wakili nako kulikuwa kama mzaha. Sheria ya tangu 1864 ilimruhusu wakili kulipwa dola 10 tu kwa faili nzima, na 1985 Mahakama ya Juu ilikataa kuiondoa. Nia ya mwanzo ilikuwa njema, kuwakinga askari dhidi ya mawakili walafi. Miaka 120 baadaye, ni wakili gani atashughulikia kesi ya saratani kwa dola 10? Ni mwaka wa 1988 ndipo Bunge lilipounda mahakama maalumu ya rufaa za wanajeshi wa zamani na kulegeza masharti ya ada hiyo.

Msomaji atauliza, haya yanahusianaje na afya? Yanahusiana sana, maana Marekani huwakadiria wanajeshi wa zamani kwa asilimia, kuanzia sufuri hadi 100. Maradhi yaliyokubaliwa kuwa yalitokana na utumishi hutibiwa bure. Aliyefikisha asilimia 50 huingia katika kundi la kwanza na hutibiwa bila kuchangia, hata kwa maradhi mengine. Kwa hiyo karani anayeandika 40 badala ya 50 amegusa hata vidonge vya shinikizo la damu.

Tena kuna swali la nani athibitishe chanzo cha ugonjwa. Kwa kawaida mwombaji anahitaji mambo matatu: ugonjwa alio nao sasa, tukio la wakati wa utumishi, na maelezo ya daktari yanayounganisha hayo mawili. Hili la tatu ndilo huwashinda wengi. Katika vita vya Vietnam, kati ya 1962 na 1971, ndege za Marekani zilinyunyiza dawa za kuua mimea, mojawapo ikiitwa Agent Orange, ambayo ilikuwa na sumu ya daioksini. Sumu hii hukaa mwilini miaka mingi na saratani inaweza kujitokeza mtu akiwa amezeeka. Mzee wa miaka 60 atathibitishaje kwamba uvimbe wake ulianzia msituni alipokuwa na miaka 20?

Kanuni ya serikali ya 1985 ilikubali ugonjwa mmoja tu, ule wa ngozi unaofanana na chunusi kali. Wanajeshi wa zamani walishtaki. Kesi yao ilipinga kanuni yenyewe, si uamuzi juu ya mtu mmoja, na Mei 1989 mahakama ya California iliibatilisha. Mwaka wa 1991 Bunge lilipitisha sheria kwamba kwa magonjwa yaliyoorodheshwa, aliyekuwa Vietnam atachukuliwa kuwa aliugua kutokana na dawa hizo, bila kudaiwa uthibitisho wa chanzo. Kisukari cha aina ya pili kiliingia katika orodha 2001. Shinikizo la damu liliingizwa na sheria ya Agosti 2022, ambayo pia iliwafikia walioathiriwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan. Plastiki, taka za hospitali na takataka nyinginezo ziliteketezwa humo kwa mafuta ya ndege, na askari wakalala karibu na moshi huo. Pumu iliyoanza baada ya utumishi na saratani kadhaa za njia ya hewa ziko katika orodha hiyo.

Si kila mageuzi ni mabaya. Yale yaliyotiwa sahihi Agosti 2017 na kuanza kutumika Februari 2019 yalikuwa na sababu, kwani rufaa zilikuwa zikikaa miaka. Sasa aliyekataliwa ana mwaka mmoja wa kuchagua njia moja kati ya tatu. Anaweza kuleta ombi la nyongeza lenye ushahidi mpya. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie faili ile ile, lakini haruhusiwi kuongeza hata karatasi moja. Au anaweza kwenda moja kwa moja kwa Bodi. Akichagua njia mojawapo kabla ya mwaka kwisha, hulinda tarehe ya ombi lake la kwanza, na kwa kawaida malipo huhesabiwa kuanzia hapo. Maoni yangu ni kwamba mpango huu ni bora kuliko ule wa zamani, ila una mtego. Wajibu wa idara kumsaidia mwombaji kutafuta ushahidi, uliowekwa wazi na sheria ya mwaka 2000, haumfuati hadi mbele ya Bodi. Anayekimbilia huko akiwa na faili yenye mapengo atahukumiwa na mapengo hayo.

Sheria ya 2018 ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi. Iliwaruhusu wanajeshi wa zamani kutibiwa katika hospitali za kibinafsi kwa gharama ya serikali endapo hospitali ya idara iko mbali au foleni ni ndefu. Ilisifiwa sana. Lakini ilisema pia kwamba ubishi kuhusu nani anastahili kupelekwa huko utaamuliwa ndani ya hospitali zenyewe, wala hautafika kwa Bodi ya Rufaa. Hapo huduma ilipanuliwa na mlango wa rufaa ukafungwa katika sheria moja.

Kisha kuna mageuzi yasiyopitia Bungeni kabisa. Mapema 2025 idara hiyo ilipanga kupunguza wafanyakazi wapatao 80,000. Julai mwaka huo ilitangaza badala yake kwamba itapungukiwa na watu karibu 30,000 kwa njia ya kustaafu na kuacha kazi. Haki ya rufaa hubaki katika vitabu hata asipokuwapo mtu wa kufungua faili, lakini mgonjwa hasubiri kwa kasi ya vitabu.

Kwa yeyote mwenye jamaa aliyetumikia jeshi hilo, haya ndiyo ya kumwambia. Daktari anayemwandikia asitosheke na kutaja jina la ugonjwa. Aeleze kama uwezekano kwamba ulitokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, na kwa nini. Kiwango hicho kinatosha, kwani sheria husema mizani ikiwa sawa, mwombaji hupewa ushindi. Akipata barua inayopendekeza kupunguza malipo yake, ana siku 60 za kuleta ushahidi. Akiomba kusikilizwa ndani ya siku 30 za mwanzo, malipo hayakatwi kabla ya kusikilizwa. Vyama kama American Legion na Disabled American Veterans vina watu wenye kibali wanaosaidia bila malipo. Asiye na kibali na anayedai sehemu ya fidia ili aandae ombi afukuzwe mlangoni.

Aliyerudi kuishi Kenya hapotezi haki zake. Fidia ya ulemavu humfuata, na upo mpango wa idara hiyo unaolipia matibabu nje ya Marekani kwa maradhi yaliyokubaliwa kuwa ya utumishi. Kwa hiyo mtu anaweza kutibiwa goti lake Nairobi au Mombasa na kudai gharama, lakini malaria aliyoipata akiwa likizoni Kisumu haimo.

Jambo moja dogo limewaponza wengi. Siku za rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku ilipofika mkononi. Barua ya Marekani huweza kuchukua majuma kadhaa kufika hapa, na zaidi ikiwa sanduku la posta ni la mjomba aendaye mjini mwisho wa mwezi. Bahasha itunzwe pamoja na barua, na ile tarehe ya juu iandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku hiyo hiyo, kabla hata ya kusoma kilichomo.