Nyumba Kongwe Ikiuzwa: Imepimwa Nini, na Nani?

Muuzaji wa nyumba akitamka kwamba nyumba yake "imeshapimwa", mnunuzi na amuulize: imepimwa nini, na nani? Lugha yetu imelitwisha neno kupima mizigo mingi. Mpima ardhi hupima mipaka ya kiwanja. Mthamini hupima thamani. Mhandisi, au fundi mwashi mwenye uzoefu, hupima kama msingi, kuta na paa vitadumu. Hayo ni maswali matatu, na jibu la moja haliwezi kusimama mahali pa jingine. Hati inaweza kuwa safi na nyumba ikaanguka. Vilevile nyumba inaweza kuwa imara huku anayeiuza si mwenye mali.

Makala haya yanamhusu mkazi wa Mabamba anayekusudia kununua nyumba ya zamani, iwe ya kuishi au ya kufungulia fremu za biashara kandokando ya barabara iendayo mpakani. Yanakusudia kumsaidia kuchagua ukaguzi unaomfaa, kwa kuwa si kila nyumba inahitaji mtaalamu kutoka mjini, na si kila nyumba inatosheka na macho ya jirani.

Kipimo cha kwanza ni cha haki ya ardhi, nacho ndicho chenye gharama ndogo kuliko vyote. Viko viwanja katika nyanda hizi za Kigoma vilivyogawiwa wakati wa operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, pasipo hati yoyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, katika kifungu cha 15, ilithibitisha ugawaji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Kwa hiyo mtu anayeibuka leo akidai kwamba hapo palikuwa shamba la babu yake kabla ya operesheni hana nguvu kama anavyodhani. Lakini sheria hiyo haikuambii ni nani hasa aliyegawiwa. Hilo wanalijua wazee na majirani wa pande zote nne, nao ndio wa kutembea nao mpakani, mche kwa mche na jiwe kwa jiwe, muuzaji akiwapo. Jirani akikataa kuja, usiharakishe kutoa fedha; kukataa kwake kuna sababu.

Baada ya hapo nenda kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye mtunzaji wa rejista ya ardhi ya kijiji. Uliza kama ipo Hati ya Hakimiliki ya Kimila, ina jina la nani, na kama kuna shauri lililofunguliwa. Mauzo ya haki ya kimila hupitia Halmashauri ya Kijiji, na mahakama zimewahi kubatilisha mauzo yaliyofanyika bila idhini yake. Karatasi iliyoandikwa usiku mbele ya mashahidi wawili haitoshi.

Nyumba kongwe, kwa umri wake, imepita mikono mingi. Ikiwa mwenyewe amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa tu wa marehemu. Ikiwa ni nyumba ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mmoja wao kuiuza pasipo ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe, na mwenzi asaini mwenyewe.

Kwa nyumba iliyo kando ya barabara, chukua kamba ya kupimia. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyojengwa zamani, wakati barabara ilikuwa nyembamba, yaweza leo kuwa ndani ya hifadhi bila mwenyewe kujua, au yeye akijua na kunyamaza. Alama ya X iliyopakwa rangi juu yake ni jambo la kuuliza TANROADS au TARURA. Kadhalika, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inahifadhi mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji.

Sasa tuingie ndani ya nyumba yenyewe, ambako wanunuzi wengi hutazama rangi na kuhesabu vyumba. Swali kubwa la nyumba ya zamani huku kwetu ni tofali na kinachoyashikilia matofali. Tofali bichi likilindwa na maji hudumu miaka mingi; likilowa hurudi kuwa udongo. Tofali la kuchoma ni gumu zaidi, lakini mara nyingi limejengewa udongo badala ya saruji, na mistari ya nje imezibwa kwa saruji nyembamba ili ukuta uonekane wa kisasa. Chokonoa kiungo kimoja kwa msumari: ukizama bila kazi, ndani ni udongo. Huo si ukuta wa kukataliwa papo hapo, ila si ukuta wa kubebeshwa ghorofa wala paa zito. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za aina hii, na sisi tumo katika ukanda huohuo wa Bonde la Ufa la magharibi.

Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo hupendeza, lakini hufungia unyevu ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Lipu mpya mahali pamoja tu, katika nyumba yote iliyochakaa, inaficha kitu.

Ufa nao husomwa. Ufa mwembamba wa lipu, kama unywele, hauna uzito. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, mpana chini kuliko juu au mpana juu kuliko chini, unasema msingi umehama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, kisha rudi baada ya wiki kadhaa za mvua. Ukiwa umeipita alama, nyumba bado inatembea.

Omba ruhusa ya kuchimba shimo dogo kwenye kona moja ili uone msingi: je, ni mawe, na yamekwenda kina gani? Tazama pia kama mvua zimeuchimbua udongo wa nje hata msingi ukabaki uchi. Halafu uliza swali ambalo watu huona aibu kuliuliza: choo cha zamani kilikuwa wapi? Na udongo wa kufyatulia matofali ulichimbwa wapi? Shimo lililofukiwa likajengewa chumba cha nyongeza litashuka tu.

Paa likaguliwe kutoka ndani, mchana, milango ikiwa imefungwa. Nukta za mwanga zitakuonyesha matundu ya kutu na ya misumari iliyolegea. Panda darini ukiwa na kisu, uchome mbao za kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta. Mchwa hula ubao kutoka ndani na kuuacha ngozi yake; kwa nje ni mzima, kisu kinazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Wakati wa ukaguzi una uzito wake. Mvua za wilaya yetu kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Biashara nyingi za nyumba, hata hivyo, huzungumzwa kiangazi, mavuno yakiwa yameuzwa na kuta zikiwa zimekauka. Ndiyo miezi ambayo nyumba mbovu hupendeza kupita kiasi. Usipoweza kusubiri mvua, tafuta nyayo zake: mstari wa unyevu chini ya kuta, madoa darini, chumvi nyeupe kwenye matofali.

Nani basi aitwe? Kwa nyumba ndogo ya kuishi kijijini, kutembea mipaka pamoja na majirani, ofisi ya kijiji, na fundi mwashi mmoja mzuri vinatosha. Ukikusudia kubomoa kuta za ndani, kuongeza fremu, kuezeka upya kwa vitu vizito au kuweka wapangaji, mwite mhandisi aliyesajiliwa. Ushauri wa idara ya ujenzi ya Halmashauri ni mahali pa kuanzia. Mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 anahitajika zaidi benki inapotaka nyumba iwe dhamana, au ndugu wanapogawana mirathi. Lakini mkopo kukubaliwa si ushahidi kwamba paa halivuji: benki iliuliza thamani, haikuuliza kuhusu mchwa.

Fundi wa kukagua asiwe aliyeletwa na muuzaji, wala asiwe yule atakayelipwa kuitengeneza nyumba baadaye. Wa kwanza atapunguza kasoro. Wa pili ataziongeza. Mlipe ujira wake hata akikushauri usinunue, na umtake aandike alichokiona, chumba kwa chumba, pamoja na makadirio ya matengenezo. Makadirio hayo ndiyo ya kuweka mezani wakati wa kujadili bei, kwa maana kasoro iliyokuwa wazi siku ya mauzo ni vigumu kuidai baada ya fedha kutoka.

Taarifa hiyo iambatanishwe na mkataba wa mauzo, pande zote mbili zisaini kila ukurasa, na nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji.