Amri ya Kujikinga: Kwa Nini Watu Hawaifuati?



Kila mtu anayeingia kiwandani anajua sheria za kazi. Haingii pasipo kofia ngumu na viatu vya usalama. Hatii mkono katika mashini inayozunguka. Mbele ya kutengeneza mtambo, anakata umeme na kuufunga kwa kufuli yake mwenyewe. Hakuna askari anayemfuata kila saa. Anashika sheria kwa sababu alifundishwa hatari yenyewe, kwa sababu alipewa kofia na viatu, na kwa sababu anaona hata injinia mkubwa anavaa kofia akifika pale.

Basi ni mambo matatu: kufahamu sababu, kupewa uwezo, na mkubwa kuonyesha mfano. Sasa tujiulize: ugonjwa wa kuambukiza ukishika inchi nzima na Serikali ikatoa amri, kwa nini watu wengi hawaifuati? Jibu tulilipata sisi wenyewe katika Kongo.

1. Tumbo halingoji

Tarehe 10 mwezi wa 3 mwaka 2020, mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa Kinshasa. Siku nane nyuma yake Rais alifunga masomo, makanisa na baa, akakataza mikutano ya watu zaidi ya 20. Tarehe 24 alitangaza hali ya dharura. Hapa kwetu Haut-Katanga, Gavana alikwisha kuamuru mji wa Lubumbashi ufungwe saa 48, maana wasafiri wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege walishukiwa kuwa na ugonjwa.

Kinshasa nayo ilitangaza kwamba mji wote utafungwa siku nne, kisha utafunguliwa siku mbili, na kufungwa tena. Mara hiyo watu walikimbilia masoko, na bei ya chakula ikaruka. Amri ikarudishwa nyuma mbele ya kuanza. Tarehe 6 mwezi wa 4 ilifungwa komini ya Gombe peke yake.

Tunajifunza nini? Anayepokea mshahara mwisho wa mwezi anaweza kununua mfuko wa unga na kukaa. Lakini mama anayeuza mboga sokoni, kijana wa pikipiki, muuza makala na mchimbaji wa mikono, hao wanapata leo cha kula leo. Ukimwambia akae nyumbani siku nne, umemwambia watoto wasile bukari siku nne. Atatoka. Si kichwa kigumu, ni njaa. Vilevile, kumwambia mtu anawe mikono mara kumi kwa siku wakati bomba la mtaa halitoi maji, ni kama kumtuma kazini pasipo chombo.

Hata wenye mshahara walijaribiwa. Mwaka 2020 kompani fulani za Katanga ziliwafunga wafanyakazi ndani ya kambi ya mgodi ili kazi isisimame, wengine majuma mengi mbali na jamaa zao. Mwezi wa 6 mashirika ya kutetea haki yaliandikia kompani kuhusu jambo hilo. Amri ya kukinga afya ikikata mtu na bibi yake na watoto wake pasipo mapatano, wafanyakazi wanaiona kuwa kifungo.

2. Kilio

Mwaka huo amri ilisema pia kwamba maiti itoke hospitali na kwenda moja kwa moja kaburini, na watu wachache tu. Hakuna kilio nyumbani. Kwa munganga, hiyo ni akili: watu mia wakilala pamoja usiku kucha, ugonjwa unapata barabara. Lakini kwetu, asiyefika kwenye kilio anaonekana adui wa jamaa. Amri inayogusa wafu inagusa mahali panapouma kuliko vyote.

Angalia jinsi wenzetu wa Kivu ya Kaskazini walivyopita jambo hili. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Iliua watu 2.287. Mwanzoni jamaa walimwona mgonjwa wao akichukuliwa na watu waliofunikwa mwili mzima, na kisha wakarudishiwa mfuko uliofungwa. Wengi waliuliza: ni nani aliye ndani? Walificha wagonjwa na kuzika usiku.

Baadaye mambo yalibadilishwa kidogo. Katika vituo vingine waliweka vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha, mama akaweza kumtazama mtoto wake na kusema naye. Jamaa walipata kuona uso wa marehemu, na kumwombea, pasipo kumgusa. Amri ilibaki ileile: usiguse. Lakini heshima ilirudi, na wengi waliokuwa wakikataa wakaanza kukubali.

3. Neno lisiloaminiwa

Mwisho wa mwaka 2018, uchaguzi wa rais uliahirishwa Beni na Butembo hadi mwezi wa 3 mwaka 2019. Ebola ilikuwa moja ya sababu zilizotajwa. Lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi! Watu walikasirika, wakavamia kituo cha Ebola Beni. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na mwezi wa 4 munganga Richard Mouzoko aliuawa Butembo. Wanganga walilipa deni la siasa. Ndiyo hatari ya kuchanganya amri ya afya na jambo lingine.

Tena watu waliuliza: mbona magari haya yote ni ya Ebola, na malaria inamaliza watoto wetu kila mwaka? Surua iliyoshika Kongo mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6.000, wengi wao watoto, nayo haikuletewa magari mengi namna hiyo. Hilo ni ulizo la haki. Serikali inayokuja mlangoni siku ya ugonjwa mmoja tu inashukiwa.

Tena neno moja linaweza kuharibu mengi. Mwezi wa 4 mwaka 2020 Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtu aliyepambana na Ebola tangu ilipojulikana Yambuku mwaka 1976, alisema kwamba Kongo iko tayari kujaribu chanjo ya Covid-19. Hasira ikawaka inchi nzima: «Sisi si panya!» Ilimpasa aeleze upya kwamba chanjo ingejaribiwa kwanza kwingine. Lakini uvumi ulikuwa umekwisha kupanda. Mwaka 2021 Kongo ilipokea chanjo 1.700.000. Ilianza kuchanja tarehe 19 mwezi wa 4 tu, na watu wakaja wachache. Karibu 1.300.000 zilipelekwa katika inchi nyingine ili zisiharibike. Rais mwenyewe alichanjwa mwezi wa 9. Je, mkubwa akivaa kofia nyuma ya wafanyakazi, nani atamfuata?

4. Askari hatoshi

Amri ya maski ilifuatwa namna gani mijini? Wengi waliibeba chini ya kidevu na kuivuta juu wakiona polisi. Wengine walilalamika kwamba pesa za faini ziliishia mfukoni mwa askari. Maski ya namna hiyo inalinda mfuko, hailindi mapafu. Mtu anayeogopa askari anashika amri pale penye askari. Mtu anayeogopa ugonjwa anaishika hata chumbani mwake.

Lakini tuseme pia ukweli kwa upande wa Serikali. Kazi yake ni ngumu. Ikingoja mpaka wafu wawe wengi, tunailaumu kwamba ililala. Ikitoa amri mapema na ugonjwa usienee, tunasema: «Mnaona, ugonjwa haukuwako!» Ni kama mfanyakazi anayevua kofia kwa sababu tangu mwaka jana hakuna jiwe lililomwangukia.

Sisi wa Likasi tufanye nini?

Mji wetu uko kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Malori yanapita mchana na usiku. Ugonjwa unafuata kazi. Mwaka 2023 mpox ya namna mpya ilionekana Kamituga, mji wa dhahabu katika Kivu ya Kusini, ikasafiri na watu waliokwenda na kurudi kwa ajili ya mgodi. Ugonjwa mwingine utakuja. Basi:

- Uliza sababu ya amri kwa munganga au kwenye dispanseri, si kwa jirani aliyesikia kwa jirani, wala kwa sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe.
- Ukiona amri haiwezekani, usiivunje kwa siri. Peleka neno kwa mjumbe wa sendika au kwa mkubwa wa kazi: «Tunataka kunawa, tuletewe maji.»
- Usifiche mgonjwa. Ugonjwa uliofichwa unakula kwanza wale wanaomlisha mgonjwa.
- Siku ya kilio, wazee wapatane mapema: wachache wazike, wengine watume mchango na kuja kulia hatari ikipita. Neno la mzee linasikilizwa kuliko filimbi ya polisi.
- Wewe kapita, mwalimu, mchungaji, baba: anza wewe. Watoto wanatazama mikono yako kuliko mdomo wako.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Kama mji ungefungwa kesho, chakula cha nyumba yetu kingefika siku ngapi?
2. Ni nani katika mtaa wetu anayeishi kwa pesa ya siku? Tungemsaidia namna gani ili naye aweze kukaa?
3. Ni neno la nani tunaloliamini kuhusu ugonjwa, na kwa sababu gani?

Zungumzeni maulizo haya sasa, wakati wote ni wazima. Kufuli inafungwa mbele ya kugusa mtambo.